Mshumaa wa Kimo cha Télesphore

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo hakuna kazi, hapa Kanada ni sikukuu ya wafanyakazi. Daftari hili ni la Mama Zebunissa. Lilikuwa la kuandikia dawa zake, kisha mwanawe Amyn akatuwekea mambo yote kwenye simu, nalo likabaki na kurasa nyingi safi. Mama akaniambia nilichukue. Naanza kuliandika leo kwa sababu nina furaha, na nikimwambia mtu naogopa itaharibika.

Mama Zebunissa anakwenda Ureno mwezi wa kumi, siku kumi nzima. Ana miaka themanini na minne, macho yake yamebaki kuona pembeni tu, na anahitaji mtu wa kumwogesha, kumvalisha na kumshika mkono kwenye ngazi. Mtu huyo ni nani kama si mimi? Miaka minne sasa natoka Rexdale na basi la Kipling kabla jua halijatoka, nabadilisha treni, napanda basi jingine mpaka Don Mills, na najua goti lake bovu ni lipi na lipi linaanza kuinuka.

Nimemwambia mume wangu, Télesphore, kwamba kuna safari. Akasema, "Bon, uniletee samaki." Sijamwambia kwa nini naitaka.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeazima maktaba ya Albion kitabu kikubwa cha Ureno chenye picha. Ni cha Kifaransa, maana Kiingereza cha vitabu kinanichosha, na Kifaransa nilifundishwa na masista kule Uvira mpaka nilipoacha shule. Naweka kidole kwenye mstari, nasoma kimoyomoyo, kisha namwambia Mama kwa Kiswahili, ambacho yeye alikulia nacho Bukoba, dukani kwa baba yake. Leo tumesoma Lisbon: mnara wa Belém ulio majini, tramu namba 28 inayopanda vilima na kukwaruza kuta za watu, na vitumbua vya maziwa na mayai vinavyoliwa vya moto. Tukasoma Sintra, yenye ikulu ya rangi nyekundu na njano juu ya mlima. Tukasoma Coimbra, ambako kuna maktaba ya zamani wanamoachwa popo wakae, wapate kula wadudu wanaotafuna vitabu.

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Popo ya Bukoba ilikula mapera tu. Hawa wamesoma."

Jumatatu, 8 Septemba

Leo tumepanga siku. Mama anasema, mimi naandika. Mbili za Lisbon kwenye makumbusho, moja Sintra, mbili Porto kuona lile daraja la chuma la ghorofa mbili, moja Coimbra. Nilipofika tarehe 13 Oktoba nikasema, kama mtu asiyejali, "Na hapa tungeweka Fátima."

"Iko mji inaitwa Fatima?" Mama akageuza uso kunitafuta. "Jina ya binti wa Mtume?"

"Ndiyo, Mama. Kwetu sisi ni mahali alipotokea Bikira Maria. Tarehe 13 ndiyo siku yake kubwa."

"Weka," akasema. Nikaandika kwa herufi kubwa.

Sasa niseme. Mwaka 2014, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Télesphore alilala na ugonjwa wa mapafu siku arobaini na moja. Mwishoni hakumeza hata maji. Seremala wa masanduku ya maiti akaja mlangoni akauliza kimo, kwa sababu alikuwa na foleni na alitaka kujua mapema. Sikumlaumu, ilikuwa kazi yake. Nikachana ukanda kwenye kitenge changu cha kijani, nikauweka kisiginoni kwa mume wangu, nikaunyoosha mpaka utosini, nikaukata. Nikiwa na ule ukanda mkononi nikakumbuka sista mmoja aliyetuambia kuwa Fátima watu huwasha mshumaa wenye kimo cha yule wanayemwombea. Nikatoka nje nikamwambia Bikira: kipimo hiki nakupa wewe, usimwachie seremala. Nikaapa nitakwenda mwenyewe. Kesho yake asubuhi Télesphore akaomba uji.

Ukanda bado ninao, ndani ya kopo la biskuti, chini ya vyeti vyetu. Yeye hajui. Utamwambiaje mtu kwamba ulimpima akiwa anapumua?

Jumanne, 9 Septemba

Nimeota nina buti za mvua na natembea kwa magoti, kama mahujaji wa Fátima. Nimeamka nacheka.

Jumatatu, 15 Septemba

Amyn alikuja mchana na kompyuta yake kununua tiketi. Ni mtu mpole, anavua viatu hata kwa mama yake mzazi. Akaniomba pasi. Nikampa hati yangu ya safari, ile ya mkimbizi. Akaigeuza, akaanza kubonyeza. Mtu wa hati ile anahitaji viza, na nafasi ya kwanza ya kwenda kuomba viza ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Akajaribu ubalozi wa Ottawa. Akajaribu kupiga simu. Alihangaika kweli, siwezi kusema uongo.

Kisha akauliza, "Iteka ana pasi ya Kanada, sivyo?"

Iteka ni msichana wa Kirundi anayemtunza Mama Jumamosi na Jumapili. Ana miaka ishirini na sita, anakaa jengo letu, ghorofa ya tisa. Mimi ndiye niliyemleta. Nilimfundisha kumgeuza mgonjwa bila kumvuta bega, kupima joto la maji kwa kiwiko, kungoja Mama amalize tasbihi yake kabla ya kuleta chai. Mwezi wa tatu alikula kiapo cha uraia, na mimi nilimpikia wali.

Nikasema, "Ndiyo, anayo."

Jumatano, 17 Septemba

Mvua. Nimekutana na Iteka kwenye lifti nikajifanya natafuta funguo.

Ijumaa, 19 Septemba

Najiuliza mimi pasi yangu iko wapi. Iko kwa ushauri wa kanisani. Wote walituambia: ngojeni mfikishe miaka hamsini na tano, hapo uraia hauna mtihani wa lugha wala wa historia, mnapita hivi hivi. Kwa karatasi nilizaliwa tarehe mosi Januari 1971. Karani wa kambi alitupa wengi tarehe hiyo, ndiyo maana jengo letu Januari mosi kila mlango una keki. Nimengoja miaka mitatu. Imebaki miezi mitatu na nusu. Iteka hakungoja, na sasa ndiye anayekwenda.

Jumamosi, 20 Septemba

Amekuja kunionyesha sanduku jipya, la magurudumu manne, rangi ya zambarau. Ananiita "Mama Godelive" kwa sauti tamu, anakaa kwenye kochi langu, anakula karanga zangu.

"Mama Godelive, Ureno si ndiyo Hispania?"

"Siyo. Ni jirani."

"Eh, sawa tu. Kuna bichi?"

Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi. Najaribu kuandika kama Mkristo lakini nitaandika ukweli: nina wivu. Si wivu mdogo. Naonea wivu sanduku lake, miguu yake, tarehe yake ya kuzaliwa ambayo ni ya kweli. Yeye ni mlokole, kwao kuwasha mshumaa ni kuabudu sanamu. Atasimama Fátima akitafuna ubani na kuniletea picha.

Jumatano, 24 Septemba

Amyn ameniomba niandike ratiba upya, safi, kwa ajili ya dereva na kwa ajili ya Iteka. Nimekaa mezani kwa Mama na kalamu nyeusi. Nikaandika Belém. Nikaandika Sintra, na chini yake: ngazi nyingi, Mama apumzike kila baada ya kumi. Nikaandika Porto, Coimbra, popo. Nilipofika tarehe 13 nikaandika: Kupumzika hotelini.

Niliandika kama naandika dawa.

Mama akataka nimsomee. Nikasoma tangu mwanzo mpaka mwisho bila kupunguza mwendo. Kidole chake kikasugua ukingo wa meza.

"Soma tena, beta," akasema, neno lake la kuniita mwanangu.

Nikasoma tena. Tarehe kumi na tatu, kupumzika hotelini.

"Bas," akasema. "Sawa."

Alhamisi, 25 Septemba

Majani ya miti ya nje kwa Mama yameanza kuwa mekundu. Hakuniomba nisome kitabu.

Jumapili, 28 Septemba

Sikupokea komunyo. Télesphore akaniuliza kama naumwa tumbo. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wameondoka. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko kumfungia Mama sanduku, kwa sababu Iteka anakunja nguo kama anakamua tambara. Nilikuwa nimeubeba ule ukanda wa kitenge mfukoni. Nilikuwa nimepanga, kabla sijaifuta Fátima, kuushonea ndani ya koti la Mama ili ufike japo bila mimi. Niliushika ndani ya mfuko mpaka gari lilipogeuza kona, na nikarudi nao nyumbani.

Mama aliniaga kwa kuniwekea viganja vyote viwili mashavuni. "Wewe umenionyesha yote," akasema. "Sasa nakwenda kuhakikisha tu."

Jumatatu, 6 Oktoba

Picha. Iteka amesimama mbele ya mnara wa Belém, kiasi kwamba mnara hauonekani. Mama yuko nyuma kwenye kiti cha magurudumu, skafu imefungwa ovyo, sikio moja nje. Nimemwandikia Iteka: Mfunge skafu Mama, upepo wa mto. Amenijibu kwa kidole gumba.

Jumatano, 8 Oktoba

Sintra. Wamepiga picha kumi na nne. Mama yumo katika mbili. Mdomoni ana unga wa kitumbua. Nani amemwachia unga mdomoni?

Télesphore anasema, "Gode, weka simu chini, chakula inapoa."

Ijumaa, 10 Oktoba

Porto. Daraja ni zuri kuliko la kitabuni. Nililia bafuni, nikasema ni vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumetoka kanisani, nimeweka maharage jikoni, simu ikalia. Iteka. Nilitaka nisiipokee.

"Mama Godelive, sori kukusumbua Jumapili. Mama amekataa kula tangu asubuhi."

Nikaketi. "Anaumwa?"

"Hapana. Anasema kuna siku imepotea. Nimemwonyesha karatasi, kesho imeandikwa kupumzika hotelini, nimemsomea hata mara tatu. Anasema, 'Muulize Godelive, yeye anajua iko wapi.' Mimi sielewi. Nimekosea kitu?"

Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Alikuwa anaogopa amemharibu mtu wa watu. Nikamwona vile alivyo, msichana peke yake ugenini na bibi asiyekula, akishika karatasi niliyoiandika mimi kwa mwandiko mzuri.

"Hujakosea," nikasema. "Nimekosea mimi. Kesho ni Fátima. Mwambie dereva. Ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka Lisbon, kutakuwa na watu wengi sana, umshike Mama upande wa kushoto."

"Aa, asante Yesu. Sasa nimweleze nini?"

"Mwambie imepatikana."

Nikamsikia akimwambia. Kisha nikasikia kijiko kinagonga sahani.

Nilikuwa naweza kukata simu hapo. Lakini nilimweleza Iteka habari ya mshumaa, yote, ya kambi na seremala. "Mama Godelive, unajua kanisani kwetu sisi hatuwashi."

"Najua. Usiwashe. Nunua tu, umpe Mama."

"Wa urefu gani?"

Nikasema nitamtumia.

Nikatoa ukanda kwenye kopo. Futi ya kupimia ni ya Télesphore, anaitumia kazini kule ghalani karibu na uwanja wa ndege, na huiweka kwenye mkanda wake hata Jumapili. Nikaiomba. Akauliza ya nini. Miaka kumi na moja nimekuwa na jibu la uongo tayari kwa swali hilo na leo sikulipata. Nikamwambia.

Akavua viatu, akalala chini kwenye zulia katikati ya sebule, mikono ubavuni.

"Pima sasa," akasema, "tuone kama iko sawa."

Nikapiga magoti. Nikaweka ukanda kisiginoni mwake nikaunyoosha mpaka utosini. Alikuwa ananiangalia kutoka chini, macho yale yale.

"Ile siku nilikusikia," akasema. "Nilisikia kitambaa inapita juu ya mguu, juu ya tumbo. Nilifikiri unanifunika. Nikasema, kumbe bado ananifunika, hajachoka na mimi. Nikaona joto."

Maharage yaliungua. Hatukuinuka.

Ukanda ni mita moja na sentimita sabini na nne. Télesphore wa leo ni sabini na mbili.

"Nimepungua," akasema. "Umpe Bikira ile ndefu. Asiseme tumemdhulumu."

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu hapa Kanada, wote tuko nyumbani. Saa nne asubuhi simu ikalia, ni video. Kule ni mchana. Watu ni wengi hata mwisho hauonekani, wengine wanatembea kwa magoti juu ya njia nyeupe, wazee, vijana, mama mmoja ana mtoto mgongoni. Iteka alikuwa anapumua kama aliyekimbia.

"Mama Godelive, ule mrefu kabisa uliobaki dukani ni mita moja na nusu tu. Nimenunua na mfupi, nimeufunga juu yake na raba ya nywele zangu. Nimepima na simu. Ni sabini na nne kamili."

Nywele zake zilikuwa zimesimama pande zote. Nilikuwa sijawahi kumwona hajajipamba.

Mama Zebunissa aliushika mshumaa kwa mikono miwili, umemzidi kimo. Iteka alimwongoza kiwiko mpaka kwenye ule moto mkubwa ambako watu wote wanaweka mishumaa yao. Hakuugusa moto, ila aliushika mkono wa Mama, na mkono wa Mama ndio uliowasha. Sijui kwao hilo linahesabiwa vipi. Mama akasema maneno yake ya Kiarabu, na katikati yake nikasikia "Télesphore", imetamkwa vibaya.

Moto ule ni mkali. Mshumaa haukukaa wima hata dakika mbili. Ukalainika, ukapinda, ukalala juu ya mingine.

"Ona," Télesphore akasema nyuma ya bega langu, "nimelala tena."

Nikacheka nikilia. Nikashukuru kwa moyo wote. Na nikaona wivu, hapo hapo, wa ule mkono wa Iteka ulioshika mkono wa Mama. Nauandika kwa sababu ulikuwepo.

Jumanne, 14 Oktoba

Wanarudi leo. Nimekwenda kubadilisha mashuka ya Mama, nimefungua madirisha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimemwambia. Nilimaliza kumsuka nywele kwanza, ili asinione uso hata pembeni. "Mama, ile siku niliifuta mimi. Haikupotea. Sikutaka Iteka afike bila mimi."

"Najua," akasema. "Mimi nimeweka ratiba yote kichwani, siku moja mpaka siku ya kumi. Ulisoma mara mbili, mara mbili haikuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja uirudishe."

Niliendelea kushika chanuo. Hakuna kitu kingine cha kushika kilichokuwa karibu.

"Na wewe," akasema, "umenisomea Ureno mzima kwa Kifaransa. Sasa unaogopa mtihani gani?"

Hapa Kanada Kifaransa kinakubaliwa kwenye mtihani wa uraia. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote mitatu niliyokuwa nangoja keki ya Januari.

Alhamisi, 23 Oktoba

Iteka alikuja kurudisha vyombo. Akaniambia safari nzima Mama alimwita Godelive. Kwenye mnara, "Godelive, hapa ndipo maji yalifika." Kwenye maktaba, "Godelive, sikia, popo." Akiongea hivi alikuwa anatazama sakafu. "Nilikuwa nakasirika, Mama Godelive. Nilikuwa nasema, mimi niko hapa, huyo mwingine yuko Rexdale."

Nikamwongezea karanga. Nilifurahi zaidi ya inavyoruhusiwa.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimejiandikisha mtihani wa Kifaransa. Tarehe 6 Desemba. Télesphore ananiuliza maswali akiwa anakula, matamshi yake mabaya kuliko yangu.

Jumapili, 9 Novemba

Theluji ya kwanza, imekuja mapema. Nilikwenda kwa Mama ingawa si zamu yangu. Nilimpelekea ukanda wa kitenge auguse, maana aliniuliza ni wa namna gani. Akaupitisha vidoleni polepole, mwisho hadi mwisho.

"Mtu mrefu," akasema. Kisha akajilaza kitandani, akanyoosha miguu. "Nipime na mimi."

"Mama, mtu aliye hai hapimwi."

"Télesphore alipimwa, anakula maharage mpaka leo. Nipime. Ukipata pasi utakwenda mwenyewe kama ulivyoapa. Siku hiyo kama mimi niko, tutakwenda wote. Kama siko, utaenda na kimo changu. Mimi nimewasha ya kwako. Wewe utawasha ya kwangu."

Nikamvua soksi. Nikaweka ukanda kisiginoni, nikaupitisha juu ya goti lile bovu, juu ya tumbo, juu ya kifua kilichokuwa kinapanda na kushuka vizuri, mpaka kwenye nywele nilizozisuka mwenyewe. Kilibaki kipande kirefu. Sikukikata. Nilifunga fundo pale kichwa chake kilipoishia.

Iteka, aliyekuwa na zamu, alikuwa mlangoni na chai. Sijui alisimama hapo tangu lini. Akaweka sinia mezani, akauliza kwa sauti ndogo kama na yeye anaweza kupimwa.

Nikamwambia kitambaa kimeisha. Hakijaisha.